Inkubeta au oveni ya kukaushia: maabara ya shule Lamu ianze na ipi?

Februari moja, upepo wa kaskazi ukiwa umelala na mji mzima ukitafuta kivuli, nilitundika kipimajoto kwenye ukuta wa maabara yetu saa nane mchana. Kilisoma nyuzi 32 za Selsiasi, madirisha yote yakiwa wazi. Mezani palikuwa na inkubeta tuliyopewa msaada, nayo tulikuwa tumeiweka kwenye nyuzi 25 tangu asubuhi. Ndani yake mlikuwa na 33. Tulidhani imeharibika, tukaita fundi, fundi akaifungua akaifunga. Haikuwa na kasoro yoyote. Ilikuwa imeundwa kupasha joto tu, kupoza haijui.

Kisa hicho ndicho kilichogeuza ushauri ninaowapa walimu wenzangu wa sayansi, wa hapa kisiwani na wa ng'ambo ya bara, kule Mokowe, Hindi na Mpeketoni, hasa sasa ambapo shule zinaandaa orodha za vifaa kwa ajili ya wanafunzi wa Gredi ya 10. Orodha nyingi nilizoonyeshwa zina inkubeta juu kabisa, na oveni ama iko chini ama haimo. Mimi ningeipindua orodha hiyo. Kwa Lamu, oveni ya kukaushia itangulie. Inkubeta ije baadaye, tena si inkubeta yoyote.

Masanduku mawili, kazi mbili

Ukivikuta dukani utadhani ni kitu kimoja. Vyote viwili ni masanduku ya chuma yenye mlango wenye raba ya kuziba, rafu za waya ndani na kidhibiti joto mbele. Inkubeta, ambayo wengine huiita kiatamizi, kazi yake ni kulea. Hufanya kazi kwenye joto dogo, kwa kawaida kutoka nyuzi 5 juu ya joto la chumba hadi 70 au 80, na thamani yake yote iko katika kutulia: mchana na usiku, siku mbili tatu mfululizo, bila kuyumba zaidi ya nusu nyuzi au nyuzi moja. Oveni ya kukaushia kazi yake ni kufukuza maji. Hupanda hadi 200, 250, nyingine 300, na ikiyumba nyuzi mbili ikiwa kwenye 105 hakuna kitu cha shule kitakachoharibika.

Neno hili "inkubeta" limewahi kutuletea mkanganyiko kwenye kikao cha bodi. Mzazi anayefuga kuku akilisikia huwaza vifaranga, naye ana haki. Lakini mashine ya kuangulia mayai ni kitu kingine. Mayai ya kuku hukaa kwenye nyuzi 37.5 kwa siku 21, hugeuzwa mara kadhaa kila siku, na hewa yake lazima iwe na unyevu uliopimwa. Inkubeta ya maabara haigeuzi chochote na haina mahali pa maji. Mwalimu wa kilimo akitaka kuangua vifaranga, aombe mashine ya kuangulia, kwa fungu lake.

Joto letu ndilo linaloamua

Kwenye karatasi ya maelezo ya inkubeta utakuta maneno kama "joto la chumba + 5". Yasome kabla hujatazama bei. Maana yake ni kwamba chombo hakiwezi kutawala joto lililo chini ya hapo. Nairobi, chumba kikiwa na nyuzi 20, inkubeta hiyo huanza kazi kwenye 25. Lamu, chumba kikiwa na 32, huanza kwenye 37.

Na 37 ni joto la mwili wa binadamu. Bakteria wanaostawi vizuri hapo ni wale waliozoea kuishi ndani yetu, na miongoni mwao wamo waletao maradhi. Mwanafunzi anapopangusa kitasa cha mlango kwa pamba, kisha akapaka pamba hiyo kwenye agari, ile jeli ya kuoteshea vijidudu, hajui ameokota nini. Na sisi walimu pia hatujui. Ndiyo sababu katika shule za Uingereza kikomo kinachofundishwa kwa kuotesha bakteria ni nyuzi 25. Kwenye joto hilo viumbe vya mwilini hukua polepole au havikui kabisa, na vile vya udongoni na hewani bado vinaonekana vizuri baada ya siku mbili au tatu.

Unaona shida ilipo. Inkubeta ya kupasha tu, ikiletwa Lamu, kwa miezi yote ya kaskazi itafanya kwa ustadi kazi ambayo hatutaki wanafunzi waifanye, na itashindwa na ile tunayoitaka. Pesa imetoka, chombo kinawaka taa, na usalama wa watoto umepungua kuliko kabla hakijaja. Jambo hili linanikera, kwa sababu muuzaji hasemi uongo na mnunuzi hafanyi uzembe; ni kwamba karatasi iliandikwa kwa chumba chenye baridi ya Ulaya.

Zipo inkubeta zinazopoza pia. Baadhi zina kompresa kama ya friji. Nyingine hutumia kipande cha Peltier, ambacho umeme ukipita ndani yake upande mmoja hupoa na mwingine hupata moto. Ya kompresa hupoza kwa nguvu zaidi, lakini ni nzito, ina gesi, na ikiharibika unatafuta fundi wa friji. Ya Peltier haina gesi wala pampu, hukaa kimya, na kwa sanduku dogo la lita 30 hivi inatosha. Kwa shule ningechukua ya Peltier. Muulize muuzaji jambo moja: vipimo vyake vilipatikana chumba kikiwa na nyuzi ngapi? Vingi hupimwa kwenye chumba cha nyuzi 20 hadi 25, na uwezo wa kupoza hupungua kadiri chumba kinavyozidi joto. Akikujibu kwamba kwenye chumba cha 35 bado inashika 25, mwombe aandike.

Majina ya vyombo yenyewe hufundisha ukiyajua. Kampuni ya Memmert ya Ujerumani, kwa mfano, oveni zake huanza na herufi U na inkubeta za kupasha huanza na I. N ikifuata, hewa hujizungusha yenyewe, F ikifuata kuna feni. Na IPP ni inkubeta ya Peltier. Sisukumi mtu anunue Memmert, kwani kwa bajeti ya shule nyingi ni ghali. Nasema tu kwamba tofauti ya herufi moja kwenye hati ya manunuzi inaweza kukuletea chombo kingine kabisa.

Halafu kuna swali ambalo nilichelewa kujiuliza: tunaihitaji kwa kazi gani? Hamira na sukari huchachuka vizuri karibu na nyuzi 30. Hapa kwetu hilo ni joto la mezani. Mbegu za kunde na mahindi huota kwenye pamba iliyolowa, juu ya kabati, bila msaada wa umeme. Jaribio la amilesi, kimeng'enya cha mate, na wanga kwenye 37 hufanywa ndani ya maji ya moto kwenye bika kubwa, na matokeo hupatikana ndani ya kipindi kimoja. Mtindi unahitaji nyuzi 42 hadi 45, na hapo inkubeta ya kupasha tu inafaa hata Februari, ingawa sanduku la kuhifadhia barafu lenye chupa za maji moto hutoa mtindi uleule. Kinachobaki ni kuotesha bakteria na kuvu kwa mpangilio. Ni somo zuri, nalipenda, lakini mwaka mzima hulifanya mara tatu au nne.

Oveni, kwa upande wake, hailali

Nikifungua daftari letu la maabara, oveni inaonekana karibu kila wiki. Kazi ya kwanza ni unyevu wa udongo. Unapima udongo, unauweka kwenye 105, unapima tena kila baada ya muda mpaka uzito usibadilike. Wanafunzi wetu wana bahati ya kuwa na udongo wa kila namna karibu: mchanga wa vilima vya Shela, ambao hauna maji ya kupoteza, udongo wa mashamba ya Mpeketoni, na tope la mikoko, ambalo hupoteza uzito mwingi mpaka darasa zima linashangaa. (Tope hilo lina harufu ya yai viza. Oveni ikae karibu na dirisha siku hiyo.)

Mahindi ni somo lenye uzito zaidi, kwa sababu linagusa ghala za nyumbani. Kiwango kinachokubalika kwa mahindi ya kuhifadhi ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Twanga mahindi, pima gramu 10.00, kausha mpaka uzito utulie. Ikibaki gramu 8.60, unyevu ulikuwa asilimia 14, na mtoto ataenda kumwambia baba yake arudishe magunia juani kabla ya kuvu kuingia. Si kipimo cha kisheria, ila kwa shule kinakaribia ukweli vya kutosha. Nazi nayo: nyama ya nazi mbichi ni maji karibu nusu ya uzito wake, na mbata iliyokauka vizuri hubakiwa na asilimia 6 hivi. Mwanafunzi ambaye nyanya yake anaanika mbata anaelewa hesabu hiyo kabla hujamaliza kuiandika ubaoni.

Kisha kuna vita vyetu na hewa ya pwani. Wakati wa masika bika iliyooshwa asubuhi huwa bado ina maji jioni. Kopa salfeti iliyokaushwa ikawa nyeupe hugeuka buluu ndani ya chupa yake kifuniko kisipokaza. Chembe za silika zinazolinda mizani na darubini hunyonya unyevu zikabadilika kutoka buluu kuwa waridi, na dawa yake ni oveni: saa chache kwenye 120 na zinarudi buluu. Darubini zetu zingekuwa zimeota kuvu kwenye lenzi zamani kama si kazi hiyo ndogo, na darubini moja ina bei inayokaribia ya oveni yenyewe.

Oveni pia huua vijidudu kwenye vioo: nyuzi 160 kwa saa mbili au 170 kwa saa moja, ukihesabu tangu vioo vyenyewe vilipofika joto hilo. Hapa pana mipaka. Sahani za petri za plastiki zitayeyuka, kwa hiyo zinazoingia ni za kioo. Agari haiingii, kwa sababu maji yake yatakauka. Hiyo ni kazi ya sufuria ya presha, nyuzi 121 kwa dakika 15, na ndiyo sufuria hiyohiyo utakayochemshia sahani zilizoota bakteria kabla ya kuzitupa. Hata ungekuwa na inkubeta bora kuliko zote, bila sufuria ya presha usianze kuotesha bakteria na wanafunzi. Bureti, pipeti na chupa za kupimia ujazo kamili huachwa zikauke zenyewe. Na kitu chochote chenye spiriti au asetoni, hata jani lililotoka kuchemshwa kwenye spiriti kuondolewa rangi ya kijani, kisiingie kamwe. Mvuke wake hushika moto kwenye joto la kawaida la chumba, sembuse ndani ya sanduku lenye waya mwekundu.

Ukishaamua oveni, ipi?

Feni au bila feni ni swali la kwanza. Yenye feni hukausha haraka na joto lake linafanana rafu ya juu na ya chini, jambo zuri vikundi tisa vikitaka majibu yanayolingana. Lakini feni hupeperusha unga. Ukiwa na kemikali za unga au unga wa mahindi kwenye visahani vyepesi, sampuli ya kikundi kimoja inaweza kuishia kwa kingine. Mimi nachagua isiyo na feni kwa shule. Ni rahisi, kitu cha kuharibika kimepungua, na ukiacha nafasi kati ya vyombo bila kufunika rafu kwa karatasi ya foili, hewa hupita yenyewe. Shule yenye oveni mbili inaweza kuwa na zote.

Ukubwa wa lita 50 unatosha darasa la wanafunzi 45. Lita 30 hubana, na lita 100 hula umeme kupasha hewa tupu. Joto la juu liwe angalau 250, kwa sababu kopa salfeti hupoteza sehemu kubwa ya maji yake karibu na 110, lakini yale ya mwisho hayatoki mpaka uvuke 200.

Usikubali oveni isiyo na kinga ya pili ya joto, ile swichi inayojitegemea ambayo hukata umeme kidhibiti kikuu kikikwama. Vyombo vya bei nafuu sana huiacha. Chombo kinachoachwa kinawaka wakati mwalimu yuko darasani au msikitini hakina budi kuwa nayo.

Ndani pawe chuma cha pua, kisichoshika kutu. Sote tunajua bahari inavyofanya bawaba za milango na baiskeli. Pua ya daraja la 304 inatosha kwa ndani ya oveni. Ya 316 ina molibdenamu na hustahimili chumvi zaidi, lakini sijaona sababu ya shule kuilipia. Kutu huanza nje: kwenye bawaba, skrubu za nyuma na miguu. Kila muhula futa kwa kitambaa chenye maji baridi, kausha, paka mafuta ya mashine kidogo. Na oveni isikae kwenye dirisha linalotazama bahari.

Umeme unahitaji hesabu kidogo. Oveni ya lita 50 huvuta takriban wati 1,000 hadi 1,500, inkubeta ya ukubwa huo wati 100 hadi 300. Kwa volti 240, wati 1,200 ni ampea 5. Soketi ya ukutani inabeba bila shida, waya mwembamba wa ekstensheni ulioshirikiana na jiko la umeme haubebi. Volti ikishuka hadi 200, oveni hubakiwa na takriban asilimia 69 ya nguvu yake, kwa hiyo ikichelewa kupanda jioni usikimbilie kusema imekufa. Umeme ukikatika, oveni husamehe: ukirudi inaendelea, nawe unapima mpaka uzito utulie. Inkubeta ya kupoza haisamehi vivyo hivyo, maana sahani zako zilizokuwa kwenye 25 zitapanda kuelekea 32 ndani ya saa chache. Na kwa shule inayotegemea paneli ndogo za jua, oveni ndiyo itakayoshindikana. Hapo inkubeta ya Peltier ina nafasi yake, na ukaushaji ufanywe kwa sanduku jeusi la jua lenye kioo juu.

Mbili kwa moja

Utaonyeshwa chombo kinachodai kuwa oveni na inkubeta kwa pamoja, na bodi itakipenda kwa kuwa kinaokoa pesa. Mimi nakipinga. Waya za kupasha hadi 250 ni kubwa mno kwa kazi ya 37. Hupasha kwa kishindo, hupitiliza, husubiri, hurudia. Hakipozi, kwa hiyo tatizo la Lamu liko palepale. Na chumba kilichokausha tope na kemikali jana si pa kulea kitu leo. Kama pesa ni ya chombo kimoja, nunua oveni halisi. Inkubeta ya muda tunaweza kuiunda: sanduku la kuhifadhia barafu, balbu ya kizamani ya wati 40, ile yenye waya unaowaka ndani, na themostati ndogo ya kidijitali. Letu linashika 42 kwa mtindi bila tabu. Fundi umeme ndiye aliyefunga waya, si wanafunzi.

Mpaka ifike mlangoni

Oveni ya lita 50 iliyojengwa vizuri inaweza kufika kilo 50 na zaidi. Inatoka Mombasa kwa barabara hadi Mokowe, inapanda boti, kisha mkokoteni na hamali wawili kwenye vichochoro vya mji. Malindi gari lingefika mpaka mlangoni. Hapa pima upana wa mlango wa maabara, na kona ya mwisho ya kichochoro, kabla ya kuagiza. Izungushiwe nailoni dhidi ya maji ya chumvi, isilazwe. Inkubeta yenye kompresa ikilazwa njiani, isimamishe ikae siku nzima kabla ya kuiwasha. Gharama hizi ziandikwe kwenye bajeti tangu mwanzo, kwani nimeona chombo kikikaa Mokowe wiki tatu kwa kukosa nauli ya boti.

Kikifika, usitie sahihi siku hiyo. Chukua kipimajoto cha kioo cha kufika nyuzi 200, kihakikishe kwanza: kwenye barafu inayoyeyuka kisome 0, kwenye maji yanayochemka kisome 100. Hapa tuna bahati, tuko usawa wa bahari, maji huchemka kwenye 100 hasa. Nairobi yangechemka karibu na 94 na ungelazimika kupiga hesabu. Kisha iwashe oveni tupu kwenye 105, iache saa mbili, usome rafu ya juu, ya kati na ya chini, uandike kila dakika 15 kwa saa moja nyingine. Tofauti ya nyuzi tatu kati ya rafu naikubali. Ikifika nane, hamali wale wawili waiteremshe tena hadi gatini.